Uhusiano wa kinyumba huhesabiwa umekwisha siku gani? Swali la mgawanyo wa mali, Melbourne

Mwana wa Pangani aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Naomba msaada wa mawazo juu ya jambo lililoninyima usingizi tangu nilipopokea barua ya wakili wa mwenzangu wiki iliyopita. Mimi ni Mtanzania, yeye ni Mkenya, na tuliishi pamoja hapa Melbourne tangu mwaka 2014 bila kufunga ndoa ya aina yoyote: mahari haikutolewa, familia hazikukaa, na kwa msajili hatukwenda. Hatukujaliwa mtoto. Mwaka 2017 tulinunua nyumba upande wa magharibi wa jiji. Hati ina jina lake peke yake, kwa kuwa wakati ule sikuwa na ukaazi wa kudumu na benki ilisumbua, lakini dola 20,000 za malipo ya awali zilitoka kwenye akiba niliyoiweka kwa kazi ya kutunza wazee, na miaka yote hiyo chakula, umeme na maji vilikuwa juu yangu.

Machi 2023 tuligombana vibaya. Alihamia chumba cha wageni, kisha akanitumia ujumbe wa WhatsApp ambao sasa wakili wake ameunukuu: "Kuanzia leo kila mtu ashike hamsini zake." Sikumjibu. Baada ya wiki mbili tatu maisha yakarudi katika hali ambayo mtu wa nje asingeona tofauti. Nilipika tukala pamoja, Jumapili tulikwenda kanisani kwa gari moja, na ingawa hakurudisha nguo zake chumbani, yeye mwenyewe alikuwa akirudi. Juni mwaka huohuo mama yangu alifariki. Tulisafiri wote hadi Tanga, akakaa msibani kama mkwe, akatoa ubani wa mkwe na kushika koleo makaburini. Novemba 2023 tuligombana tena, na kwa ushauri wa jamaa mmoja nikajaza fomu ya Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa misaada ya jamii hapa, kueleza kwamba tumetengana ingawa tunakaa nyumba moja. Kabla ya Krismasi tukapatana, wala sikurudi kuwaarifu. Nilihama moja kwa moja Agosti 2024.

Sasa ni Februari 2026, na barua inasema kwamba uhusiano wetu ulikwisha Machi 2023, kwamba muda wa kufungua shauri la mali ni miaka miwili, na kwamba kwa hiyo mlango ulifungwa Machi 2025. Je, mahakama ya hapa huipataje siku ya mwisho? Ni siku ya maneno, siku ya kuhama chumba, au siku ya kufungasha mizigo?

Msaidizi wa Sheria, Footscray alijibu:

Pole sana dada, kwa msiba na kwa barua hiyo pia. Mimi si wakili. Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria kwa jamii zetu kwa muda, na haya ninayoandika ni ya kukuandaa kwenda kwa wakili, si ya kukaa mahali pake.

Tuanze na mahali ambapo wengi hukosea. Ndoa ina cheti mwanzoni na hukumu ya talaka mwishoni. Kuishi kinyumba, ambako wenyewe hapa wanakuita de facto, hakuna karatasi ya kuingilia wala ya kutokea, isipokuwa kwa wachache waliosajili uhusiano wao serikalini. Kwa hiyo panapotokea ubishi, hakimu hutazama nyuma na kuuliza ni lini mambo yaliyoufanya uhusiano huo uwe uhusiano yalikoma kuwapo. Mambo hayo yameorodheshwa katika kifungu cha 4AA cha Sheria ya Familia ya mwaka 1975: muda wa uhusiano, namna mlivyokaa chini ya paa moja, kama mlikutana kimwili, nani alimtegemea nani kwa fedha, mali mlizipata na kuzitumia vipi, kiasi gani mlijifunga kwa maisha ya pamoja, matunzo ya watoto, na jinsi watu wa nje walivyowajua. Sheria yenyewe inasema hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni la lazima. Kuhama chumba, peke yake, hakuamui. Na kufungasha mizigo, peke yake, hakuamui pia.

Pili, uhusiano huweza kuvunjwa na mmoja. Hauhitaji mkubaliane kuuvunja. Lakini nia iliyofichwa moyoni haitoshi: tangu hukumu za mwaka 1976 zilizohusu wanandoa, mahakama za hapa zimeshikilia kwamba lazima mtu awe ameamua kuuvunja uhusiano, na uamuzi huo uonekane katika matendo yake, mwenzake akiuelewa kwa maneno au kwa mwenendo. Watu wanaweza kutengana wakiwa nyumba moja, na katika hali hiyo ushahidi unaotakiwa ni mwingi zaidi, kwa sababu jirani haoni kilichobadilika. Upande wa pili ni kweli vilevile: mume anayefanya kazi migodini mbali na nyumbani kwa miezi hajatengana na mkewe.

Kesi ambayo wakili wako ataitaja, bila shaka, ni Fairbairn dhidi ya Radecki, iliyoamuliwa mwaka 2022 na Mahakama Kuu ya Australia. (Wasomaji wa nyumbani wasichanganye: hapa Mahakama Kuu ndiyo ya juu kabisa, hakuna ya rufani juu yake. Na majina hayo si ya kweli. Mashauri ya familia hapa huchapishwa kwa majina ya kubuni.) Mwanamke alikuwa na nyumba yake, na yeye na mwenzake walikubaliana tangu mwanzo kwamba kila mmoja atabaki na mali zake. Baada ya zaidi ya miaka kumi mwanamke alipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akahamishiwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na taasisi ya serikali inayosimamia mali za wasiojiweza ikataka kuiuza nyumba yake ili kulipia matunzo. Mwanamume aliyebaki akiishi humo alipinga, akidai uhusiano haujakwisha, kwani bado anakwenda kumwona na bado anampenda.

Majaji hawakusema uhusiano ulikwisha siku mwanamke alipohamishiwa kwa wazee. Walisema wazi kwamba watu wawili wanaweza kuhesabiwa kuwa wanaishi pamoja hata kama hawalali chini ya paa moja, na kwamba ugonjwa wa mmoja si mwisho wa uhusiano. Kilichowafanya waseme umekwisha ni mwenendo wa mwanamume: alipotakiwa kujirekebisha ili mwenzake atunzwe, alitenda kwa kutazama masilahi yake mwenyewe, akawa hajifungi tena kwa maisha yao ya pamoja. Tarehe iliyobaki ni ile ya jaji wa kwanza, kwamba uhusiano ulikuwa umevunjika si baada ya tarehe 25 Mei 2018. Angalia maneno hayo, "si baada ya". Mara nyingi mahakama haitafuti saa na dakika; inatafuta siku ambayo mpaka kufika hapo mambo yalikuwa yamekwisha.

Sasa tuje kwako. Ujumbe wa Machi ni maneno, na maneno yana uzito. Lakini ikiwa mtu ameandika kwamba kila mmoja aende zake, kisha miezi mitatu baadaye anavuka bahari kwenda kuzika mama mkwe na kujitambulisha mbele ya ukoo kama mkwe, wakili wake atakuwa na kazi ya kueleza ni maisha gani hayo yaliyokuwa yamevunjwa. Hata mahakama ikikubali kwamba mlitengana Machi, swali linalofuata ni kama mlirudiana, na tarehe ya mwisho inayokuhusu ni ile ya mwisho kabisa.

Linalonitia wasiwasi ni fomu ya Novemba 2023. Hiyo uliiandika wewe. Wakili wa upande wa pili akiipata, atasema: hata kama ujumbe wetu wa Machi hautoshi, mdai mwenyewe aliiambia serikali kwamba wametengana Novemba, na kuanzia Novemba 2023 miaka miwili iliisha Novemba 2025. Tarehe mbili kati ya tatu zinakufungia mlango. Ni ile ya Agosti 2024 pekee inayokuacha na muda, tena hadi Agosti mwaka huu.

Mkalimani wa Jumanne alijibu:

Naomba nisemee hiyo "hamsini zake", kwa kuwa ndiyo kazi yangu na nimeona mashauri yakiyumba kwa sentensi fupi kama hiyo.

Ujumbe wa Kiswahili hauingii mahakamani hivihivi. Huambatishwa na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mfasiri mwenye ithibati ya NAATI, chombo kinachothibitisha wafasiri na wakalimani wa Australia, na kuanzia hapo hakimu anasoma tafsiri, si Kiswahili. Mfasiri mwoga ataandika neno kwa neno kwamba kila mtu azishike hamsini zake, na hakimu atadhani mnagombania fedha. Niliwahi kuona jambo la namna hiyo, likazua maswali ya nusu saa. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba uhusiano wetu umekwisha. Lakini sisi sote tunajua kwamba usemi huu una ngazi. Washirika wa duka wakiutamka, duka limevunjika. Dada akimwambia mdogo wake aliyemchosha, maana yake ni usiniingilie mambo yangu, na jioni wanakula sahani moja. Watu wawili waliokaa pamoja miaka tisa wakiambiana hivyo usiku wa ugomvi, maana yake inategemea kilichofuata asubuhi.

Kwa hiyo dada, usikubali ujumbe ule ufasiriwe peke yake. Toa mazungumzo yote, tuseme kuanzia Februari hadi Julai 2023, bila kufuta hata yale yanayokuudhi. Kama wiki iliyofuata alikuandikia umnunulie unga, kama aliuliza mama anaendeleaje, kama alikuita kwa jina la kukupendeza, hayo ndiyo yatakayompa mfasiri na hakimu kipimo cha "hamsini". Vilevile angalia neno ulilotumia wewe mwenyewe kwa ndugu zako. Uliandika "tumeachana", au "tumekosana", au "amehama chumba"? Kwetu kuachana ni kukata, kukosana kunapatanishwa, na kutengana kuko katikati. Mfasiri makini ataweka tofauti hiyo, na akishindwa ataiandikia maelezo.

Neno "mkwe" nalo ni ushahidi mzuri. Kama kuna picha za msibani, ratiba ya mazishi yenye jina lake, au ujumbe wa wajomba wakimshukuru mkwe, yaweke. Hayo yanaingia moja kwa moja katika lile alilolisema Msaidizi, jinsi watu wa nje walivyowajua.

Mzee wa Perth alijibu:

Marahaba binti. Sisi wa Western Australia tuna sheria yetu wenyewe na mahakama yetu ya familia kwa watu walioishi bila ndoa, kwa hiyo sitaingilia vifungu vinavyotumika huko kwenu, jimbo la Victoria, ingawa kwa sehemu kubwa vinafanana.

Nataka kuondoa woga mmoja ambao mimi uliniumiza. Nilipotengana nilidhani tarehe ya kutengana ndiyo inayofunga thamani ya mali, kana kwamba siku ile mtu anapiga picha ya nyumba na mgawanyo unafanywa kwa bei ya kwenye picha. Nilipigania tarehe kwa miezi, na gharama zikapanda, kumbe kwa Australia mali huhesabiwa kama zilivyo wakati wa kusikilizwa au kukubaliana. Nyumba ikipanda bei baada ya kutengana, kupanda huko kumo ndani ya hesabu. Isipokuwa yule aliyebaki akilipa mkopo peke yake ataambiwa mchango wake wa baada ya kutengana utiliwe maanani. Binamu yangu aliye Auckland alinikumbusha kwamba New Zealand wana sheria nyingine na hesabu nyingine ya miaka. Kwa hiyo binti, tarehe yako inapiganiwa kwa ajili ya mlango, si kwa ajili ya bei. Ukishaingia ndani, haina nguvu kubwa hivyo.

Wakili wa Dodoma alijibu:

Nimesoma kutoka nyumbani kwa hamu, kwa sababu kwetu kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatoa dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mume na mke, na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Mwenzetu yuko chini ya sheria ya Australia, nami sishauri avuke mpaka. Ninauliza tu kwa tahadhari: una hakika kabisa kwamba hakuna sherehe iliyofanyika nyumbani, Kenya au Tanzania, hata ndogo? Ninavyofahamu, ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa kwa kawaida hutambuliwa Australia, na Kenya inazitambua ndoa za kimila chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Mtu aliyefunga ndoa halali hahesabiwi miaka miwili tangu kutengana.

Msaidizi wa Sheria, Footscray alijibu:

Swali la wakili ni la msingi, na nilipaswa kuliuliza mimi. Kwa wanandoa ukomo ni miezi 12 tangu talaka ianze kufanya kazi, hivyo mtu anaweza kutengana miaka mitano na mlango ukawa bado wazi kwa kuwa talaka haijaombwa. Lakini kwa maelezo ya dada, mahari haikutolewa na familia hazikukaa. Tusimtengenezee ndoa isiyokuwapo. Niongeze kwa wengine wanaosoma: nikahi iliyofungwa hapahapa Australia na mtu asiye na kibali cha serikali cha kufungisha ndoa, kwa sheria ya hapa si ndoa, na wenye nikahi hiyo huhesabiwa kama wanaoishi kinyumba. Hao ndio ninaowaona wakipoteza muda mara nyingi, kwa sababu wanahesabu kuanzia talaka ya sheikh ilhali sheria inahesabu tangu uhusiano ulipokwisha.

Mwana wa Pangani aliandika:

Nawashukuru nyote. Kwa wakili wa Dodoma: hakuna sherehe iliyofanyika. Hata posa haikufika. Kaka zake walipanga kuja mwaka 2020, ugonjwa ukafunga mipaka, na baada ya hapo halikuzungumzwa tena.

Nimepekua usiku kucha. Nina tiketi za Juni 2023 zilizolipwa kwa kadi yake, zote mbili. Nina taarifa za akaunti ya pamoja tuliyolipia bili hadi Julai 2024. Katika marejesho yangu ya kodi yaliyoishia Juni 2024, mahali pa mwenza niliandika jina lake kwa mwaka mzima. Nina pia shemeji wa kanisani aliyetupatanisha Desemba 2023, na yuko tayari kula kiapo. Lakini fomu ya Centrelink inaniogopesha. Kuna rafiki anayesema ninyamaze, kwamba upande wa pili hawaijui.

Msaidizi wa Sheria, Footscray alijibu:

Usinyamaze, dada. Katika mashauri haya kila upande una wajibu wa kutoa wazi nyaraka zinazohusika, na karatasi ya serikali inayotaja tarehe ya kutengana inahusika mno. Upande wa pili unaweza kuiomba mahakama iamuru ofisi husika ilete kumbukumbu zake. Ikitokea hivyo baada ya wewe kuapa kwamba hamkutengana kabla ya Agosti, kitakachovunjika ni kuaminika kwako, na mashauri ya tarehe husimama au kuanguka kwa kuaminika, kwa sababu mara nyingi ushahidi mwingine ni neno lake na neno lako. Ukiitaja mwenyewe, na kueleza kwamba Novemba mligombana, ukajaza, Desemba mkapatana mbele ya shahidi, fomu inakuwa sehemu ya simulizi badala ya kuwa mtego. Marejesho yako ya kodi yanapingana nayo, na hilo nalo litaulizwa. Tena kama ulipokea fedha za Centrelink baada ya kupatana, kuna deni linaloweza kudaiwa. Hilo lizungumze na wakili kabla hujaandika lolote, kwake na kwa ofisi hiyo. Mimi siwezi kulishauri hapa.

Kuhusu ukomo wenyewe, kifungu cha 44 cha Sheria ya Familia ya hapa kina milango mingine zaidi ya ule mkuu. Mkikubaliana wote wawili, shauri linaweza kufunguliwa hata baada ya miaka miwili, ingawa kwa barua uliyoipata sioni dalili ya kukubali. Wa pili ni ruhusa ya mahakama. Mahakama inaweza kumruhusu aliyechelewa ikiwa kumkatalia kutamletea taabu, na taabu hapa si huzuni: utatakiwa uonyeshe kwamba una dai lenye mashiko, na kwamba kulipoteza kutakuumiza kweli. Dola 20,000 na miaka saba ya kulisha nyumba isiyo na jina lako si dai dogo. Utaulizwa pia kwa nini ulichelewa, na hapo kila mwezi unaopita unakuharibia. Kwa hiyo wakili anaweza kuomba mambo mawili kwa pamoja: kwanza mahakama itamke, kwa kifungu cha 90RD, kwamba uhusiano ulikwisha Agosti 2024, na kama haitakubali hivyo, itoe ruhusa ya kufungua nje ya muda. Hilo lifanyike sasa, si Julai.

Na kabla ya kumwona, andika kalenda ya mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari 2023 hadi Agosti 2024: nani alilala wapi, nani alilipa nini, mlikwenda wapi pamoja, nani aliwaona. Usipambe. Mwezi ambao hukumbuki, acha wazi. Kama fedha hazitoshi, anza na ofisi ya Legal Aid ya Victoria au kituo cha sheria cha jamii kilicho karibu nawe. Ukihitaji mkalimani, piga 131 450 uombe Kiswahili.

Mkalimani wa Jumanne alijibu:

Neno moja tu la nyongeza. Jumbe za sauti nazo zihifadhi kwenye simu ileile, usizihamishe kwa kuzirekodi upya, na usibadilishe simu mpaka wakili aseme. Mara nyingi mtu anaandika ujumbe wa hasira, kisha anaomba radhi kwa sauti kwa kuwa kuandika ni aibu. Kama aliwahi kuomba radhi baada ya Machi, yumkini imo humo.

Mwana wa Pangani aliandika:

Imo. Tarehe 2 Aprili 2023, dakika moja na sekunde arobaini. Nilikuwa nimeisahau. Nina miadi Alhamisi.